Ukuta Ukitoa Jasho, Pika Supu

Guangzhou, mji wa kusini mwa China, ina siku zake, kuanzia Februari mwishoni hadi Aprili, ambazo kuta zinatoa jasho. Upepo wa kusini unaingia kutoka baharini na joto lake na unyevu wake, unazikuta nyumba bado zina baridi ya miezi iliyopita, basi mvuke wote unageuka maji juu ya vigae, vioo na milango ya lifti. Wenyeji wanaziita huinantian. Nguo ukianika leo, keshokutwa bado mbichi. Mkate unaota ukungu kabla hujafika nusu. Na ukikaa na Wakanton, ndio wenyeji wa huku, wa umri wa mama zetu utawasikia wakilalamika yaleyale: mwili mzito, kichwa kizito, hamu ya kula imekata, ulimi umeota utando. Kwao hayo yote yana chanzo kimoja. Unyevu wa nje umeingia ndani ya mtu, lazima utolewe, na wa kuutoa ni mpishi.

Wafanyabiashara wetu wengi wanaujua mji huu kwa nyakati mbili tu za Canton Fair, maonyesho makubwa ya biashara, Aprili na Oktoba. Wanafikia mtaa wa Xiaobei, wanafunga makontena, wanarudi Kariakoo au Eastleigh. Waulize habari za dawa za Kichina, watakutajia maboksi: vidonge vya nguvu, chai ya kupunguza tumbo, mafuta ya kuchua, plasta za mgongo. Mimi niliyebaki hapa mwaka mzima, baridi na joto, nimeiona dawa hiyo kwa upande wa jikoni, na nimefika mahali naamini kwamba sehemu yake nzuri kuliko zote ni ile isiyouzwa kwa boksi. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia ninapotofautiana na wenyeji wangu, maana nao wana mambo yao.

Tuanze na msufi. Mti wa mji huu ni mumian, ndugu wa msufi wetu wa sufi za mito, ila huu unachanua maua mekundu makubwa mwezi wa Machi, matawi yakiwa hayana hata jani moja. Ua likikomaa linadondoka zima na kupiga lami kwa kishindo. Alfajiri akina bibi wapo chini ya miti na mifuko ya plastiki, wanaokota. Mama mwenye nyumba wangu, ninayemwita Ayi kama kila mtu anavyowaita akina mama wa rika lake, huyasuuza, huyapanga kwenye ungo na kuuweka balkoni kusubiri jua, jua lenyewe la wiki hizo halina ahadi. Yakikauka yanakuwa ya kahawia, yamejikunja, yana harufu ya mbali ya udongo. Siku unyevu ukizidi anachukua maua matano sita, konzi ya yiyi ren, punje fulani nyeupe za nafaka, konzi ya maharage madogo mekundu na kipande cha ganda kavu la chenza, anachemsha na mifupa kwa saa mbili. Mifupa yao ni ya nguruwe. Alipoelewa kwamba mimi sili, akaanza kunipikia ya kuku, na sufuria ya kuku akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini isije ikachanganywa. Kuku mwenyewe nanunua mimi kwa Wahui, Waislamu wa Kichina, wenye bucha karibu na msikiti wa Huaisheng.

Ladha yake ni maji ya maharage yenye harufu ya chenza kwa mbali. Hakuna muujiza. Unakunywa bakuli mbili, jioni unajisikia mwepesi. Mtu wa maabara atasema umekunywa maji moto ya kutosha, nafaka na maharage, siku ambayo ungeshindia tambi za kukaanga. Sina ugomvi naye. Ila nani aliyenikumbusha kunywa hiyo supu siku hiyohiyo? Si maabara. Ni ukuta, na Ayi aliyeutazama ukuta.

Nyuma ya sufuria kuna kalenda. Wachina waliugawa mwaka wa jua vipande 24, kila kimoja siku 15 hivi, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza kalenda hiyo kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Majina ya vipande ni taarifa tupu ya hali ya hewa na shamba: Mvua ya Nafaka, Joto Dogo, Joto Kubwa, Umande Mweupe, Theluji Kubwa. Yalitungwa kwa kutazama anga la kaskazini, bonde la Mto Manjano, kwa hiyo Theluji Kubwa ikifika huku kusini watu wengine bado wako na fulana. Hakuna anayejali. Wanapika cha Theluji Kubwa vilevile.

Kitabu kikuu cha kale cha tiba yao, Huangdi Neijing, ambacho kina umri wa miaka 2,000 na zaidi, kina sura nzima inayomwelekeza mtu namna ya kuishi kwa majira manne. Majira ya kuchipua, lala ukichelewa, amka mapema, zunguka uani nywele zikiwa zimefunguliwa. Majira ya joto, usilichukie jua kwa urefu wake. Majani yakianza kupukutika, lala mapema na uamke na kuku. Majira ya baridi, usitoke kitandani hadi jua liwake. Sura inamalizia kwa kusema kwamba anayengoja augue ndipo atafute dawa ni sawa na anayeanza kuchimba kisima kiu imeshamkaba. Nimezisoma sentensi hizo kwa Kichina changu cha kuokoteza, kwa msaada wa kamusi, na nilichokipenda ni kwamba kabla ya kutaja mzizi wowote linazungumzwa suala la usingizi.

Halafu kuna lile jedwali kubwa linalopendwa na watu wa mitandao: kuchipua ni ini na rangi ya kijani na uchachu, joto ni moyo na nyekundu na uchungu, kupukutika ni mapafu na nyeupe na ukali wa pilipili, baridi ni figo na nyeusi na chumvi, na wengu wamewekwa katikati na utamu wake. Hapo ndipo ninapochoka. Jedwali ni zuri kukariri, na mganga aliyebobea hulitumia kwa namna yake, lakini ini lake na ini analolipiga picha daktari wa hospitali hayafuati mpaka mmoja. Nimeona watu wa Dar wakitumiana jedwali hilo WhatsApp, mtu ana macho mekundu anaambiwa “ini lako limechoka, kunywa limau.” Pole pole jamani.

Mtu wa pwani lakini hapati taabu kuelewa msingi wenyewe, wa vyakula vya joto na vyakula vya baridi. Tumelelewa nao. Mzazi kwetu anapewa uji wa pilipili manga na supu za tangawizi, anakaa siku arobaini, anazuiwa vitu vya baridi. Sisi tuliupata kwa njia ya Waarabu, nao kutoka kwa Wagiriki, na Ibn Sina katikati. Wachina waliufikia kwa njia yao. Ayi aliposikia habari ya siku arobaini alinishika mkono akaanza kunisimulia mwezi wake mmoja wa ndani baada ya kujifungua, tangawizi kwa siki kila siku mpaka akaichukia. Tulielewana haraka kuliko tulivyowahi kuelewana juu ya bili ya umeme.

Juni ni mwezi wa lichi, ndugu wa shokishoki. Zinaletwa mjini na matawi yake, bei inashuka kila siku, na watu wanakula kilo nzima wakiwa wamekaa. Wakanton wanasema lichi moja ni mienge mitatu ya moto. Baada ya siku mbili tatu za ulafi vinaanza vidonda vya mdomo, koo kuwasha, chunusi kidevuni, usingizi wa kupinduka pinduka. Kila ugonjwa mdogo wa aina hiyo unaitwa kwa Kikanton yit hei, moto umekupanda, na unaweza kuupata pia kwa viazi vya kukaanga, kwa kukesha, hata kwa hasira. Tiba yake ni liangcha.

Maduka ya liangcha yapo kila mtaa. Ya zamani yana mabirika makubwa ya shaba yenye umbo la kibuyu. Mengi ya siku hizi yana chupa za chai tu na karatasi za bei. Unasimama kaunta, muuzaji anakuuliza: koo? kikohozi kikavu au cha makohozi? choo unapata? Wengine wanakuambia utoe ulimi hapohapo, foleni nyuma yako inatazama. Kisha anamimina. Kuna chai ya maua matano, tamu kidogo, yenye maua ya jinyinhua na ya krisanthemu, na hayo ya msufi, na hata ua la frangipani, mti uleule unaouona kwenye bustani za hoteli Zanzibar. Hiyo mtoto anakunywa. Lakini kuna ile ya vitu ishirini na vinne, nyeusi, chungu kiasi cha kukufanya ulitazame dari. Unapewa zabibu kavu au tunda la plamu lililokaushwa kwa chumvi ulitafune baadaye. Mwarobaini ukiwa umekupitia utotoni unaweza kuimaliza bila kukunja uso, na hapo muuzaji atakuheshimu.

Jina kubwa la biashara hii ni Wanglaoji, lililoanzia hapahapa Guangzhou mwaka 1828 kwa mtu aitwaye Wang Zebang, na liangcha yenyewe ikaingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni. Sasa inauzwa kwenye kopo jekundu dunia nzima. Soma nyuma ya kopo: baada ya maji kinachofuata ni sukari. Ni soda yenye historia, na mimi huinywa kama soda. Kwa upande wa pili, mamlaka za Guangdong zimewahi kuwafikisha mbele ya sheria wenye maduka waliokutwa wakitia parasetamoli kwenye chai ili mteja apone haraka na arudi. Nikiona liangcha inayoshusha homa ndani ya nusu saa, siistaajabii, naiogopa.

Jambo lililonishangaza zaidi katika majira ya joto ni tangawizi. Nje nyuzi 36, na Ayi anakula tangawizi asubuhi. Wana msemo kwamba ukila figili majira ya baridi na tangawizi majira ya joto, daktari hana haja ya kukuandikia dawa. Maelezo yao ni kwamba joto la mtu kiangazi limekimbilia juu ya ngozi, tumbo limebaki baridi, na sisi tunalizidishia kwa maji ya barafu, tikiti maji na kiyoyozi. Kwa hiyo utaona kwenye mkahawa wa Guangzhou, Julai, unaletewa chai ya moto bila kuulizwa. Sasa hata mimi maji ya barafu yananikera meno.

Katikati ya Julai zinaanza siku za sanfu, kilele cha joto, zinachukua siku 30 au 40 kutegemea mwaka. Siku hizo hospitali za tiba ya Kichina zinajaa watu wenye pumu, mafua ya mzio na vikohozi vya baridi. Wanalala kifudifudi, wanabandikwa mgongoni vidonge vya unga wa haradali nyeupe na mizizi mingine uliokandwa kwa maji ya tangawizi. Wazo ni kwamba ugonjwa unaokusumbua baridi utibiwe joto likiwa kali, ungali umelala. Daktari Zhang Lu aliuandika utaratibu huo mwaka 1695, na msingi wake haujabadilika sana. Unachoma kwelikweli, wengine wanatoka malengelenge. Kijana wa jirani yangu mwenye pumu hubandikwa kila mwaka. Nilimuuliza kama inhela ameiacha. Akacheka. Daktari yuleyule aliyembandika alikuwa amemwambia akiiacha asirudi kwake. Ningependa waganga wa mitandaoni wa kwetu wamsikie daktari huyo.

Kisha hewa inakauka, midomo inapasuka, na kazi inahamia kwenye mapafu. Hapa nitapita haraka, maana majira haya ni ya pea na utamu na hayana mabishano: pea inakatwa, inachemshwa na sukari mawe na uyoga mweupe laini, inanywewa vuguvugu usiku. Hata mtu asiyeamini chochote anaipenda.

Kinachonisimamisha ni ganda la chenza. Kusini-magharibi mwa Guangzhou kuna wilaya ya Xinhui ambako chenza linalimwa kwa ajili ya ganda, na nyama yake ya ndani inahesabiwa kama ziada. Msimu ukifika mtu anakupa nyama bure mradi umwachie ganda. Wanalichana vipande vitatu vilivyoshikana kitakoni, wanalikausha kwa jua na upepo. Likivunwa mapema ni la kijani, likivunwa karibu na Desemba ni jekundu, na hutumika kwa kazi tofauti. Lakini halijawa dawa bado. Halistahili kuitwa chenpi hadi lifikishe miaka mitatu, na kila mwaka siku kavu zikija linatolewa tena nje kupigwa jua. Ayi ana makopo ya bati yenye tarehe zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, moja ni la mwaka aliozaliwa binti yake. Alinifungulia ninuse. La mwaka jana linanukia chenza. La zamani linanukia kitu kingine, mbao na moshi na dawa ya kikohozi. Lilikuwa jembamba, jeusi upande mmoja, na akilitikisa kwenye kopo linalia chakacha. Alikata kipande kidogo kuliko ukucha, akakiloweka, akakikwangua weupe wa ndani kwa kijiko, akakitia kwenye bata. Bei ya ganda la miaka mingi sokoni sitaitaja, mtaniona muongo.

Majira ya baridi ndiyo ya kujijenga mwili. Kipande cha Dongzhi, usiku mrefu kuliko wote, Desemba 21 au 22, kwa Wakanton ni sikukuu ya familia yenye uzito wa mwaka mpya. Kuna supu moja ya daktari Zhang Zhongjing wa karne ya pili na ya tatu ambayo bado inapikwa kama alivyoiandika: nyama ya kondoo, tangawizi kwa wingi, na mzizi wa danggui. Vitu vitatu tu. Naipika kwa kondoo wa Wahui. Harufu ya danggui inafanana kidogo na ya seleri, inajaa ngazi zote za jengo, na hapo majirani wanajua Mwafrika wa ghorofa ya nne leo ana wageni. Wanaume wengi hawaipendi danggui, wanasema ni dawa ya wanawake, kisha wanaongeza bakuli.

Baridi moja jirani aliniletea vipande vyeusi vinavyong'aa, vimejaa jozi, ufuta mweusi na kunazi nyekundu. Vizuri kutazama. Nikauliza kimetengenezwa na nini. Akasema ejiao, inajenga damu, wanawake wote wanakula majira haya. Imelowekwa kwa mvinyo, akaongeza kwa fahari. Na ejiao yenyewe? Ni gundi ya ngozi ya punda.

Nilimrudishia kwa adabu zote, na nadhani alielewa sababu ya dini. Sababu ya pili sikuwa na Kichina cha kuieleza. Ejiao ina sifa kwenye vitabu vyao vya kale, kitovu chake ni Dong'e mkoani Shandong, na zamani ilikuwa kitu cha wakubwa. Siku hizi inauzwa kwa kila mwenye mshahara. Punda wa China, waliokuwa milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakashuka chini ya milioni 3. Ngozi zikaanza kutafutwa kwetu. Kenya ilitoa leseni kwa machinjio manne ya punda, na sensa zake mbili, ya 2009 na ya 2019, zinaonyesha punda wakishuka kutoka milioni 1.8 hadi milioni 1.2 hivi. Nyuma ya hizo namba kuna mama wa Kajiado au Naivasha aliyelala akiwa bado ana punda wa kuchotea maji, akaamka kakuta fuvu na kwato porini, ngozi imekwenda. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Tanzania ikafunga machinjio yake mwaka 2022. Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Nawaheshimu wenyeji wangu, lakini hapa sina nusu nusu. Supu ya danggui ya Ayi inamalizika mezani kwake. Ejiao ya kopo la zawadi, lenye utepe wa dhahabu, imemaliza usafiri wa mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Dong'e. Na damu anayotaka kuijenga mnunuzi wake, madini ya chuma ya dukani yangeijenga kwa bei ya nauli ya basi. Hiki ndicho ninachokiita kutoka jikoni kwenda kwenye boksi: kitu kinaacha kufuata msimu na mahali pake, kinaanza kufuata soko, nalo soko halijui majira.

Boksi moja tu limenishinda kulipinga, nalo wengi wetu tumelimeza.

Mashariki mwa Guangzhou, mkoani humuhumu, kuna mlima Luofu. Katika karne ya nne aliishi huko mtawa na mganga aitwaye Ge Hong, aliyeandika kitabu kidogo cha tiba za dharura, cha kuweka ndani ya mkono wa joho. Kwa homa za vipindi aliandika: chukua konzi ya qinghao, iloweke kwenye maji, ikamue, unywe yote. Qinghao ni mmea wa kundi la artemisia, kwa hesabu yao ni wa baridi, unatumika kwa homa za majira ya joto. Mei 23, 1967, China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa tarehe hiyo, kwa sababu wanajeshi wa Vietnam walikuwa wanakufa kwa malaria isiyosikia klorokwini. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walijaribu mimea mingi. Qinghao ilionyesha nguvu mara moja, mara nyingine ikagoma. Ndipo Tu akarudi kwenye mstari wa Ge Hong na kuona kinachokosekana: hakuna moto. Mzee hakuchemsha. Akabadili utaratibu, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwenye damu ya panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliimeza wenyewe kwanza. Nobeli ikamfikia 2015.

Msimu nao umo. Kwa mmea wa artemisia wa jamii hiyo, yinchen, wakulima wana msemo kwamba wa mwezi wa tatu ni dawa, wa mwezi wa tano ukate ukakokee moto. Qinghao nayo majani yake yana artemisinini, ile dawa yenyewe iliyomo, nyingi kabla tu ya kuchanua. Ukikosea wiki umevuna nyasi.

Tanzania ilikuwa imeshaiacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia SP, dawa nyingine ya malaria, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto, ALu. Tangu hapo mtoto wa Kibondo anapona kwa kitu kilichotokana na mstari mmoja wa mtawa wa Luofu. Lakini tazama kilichohitajika: kupimwa kwenye panya, kwa watu, kufanywa kidonge chenye kipimo kinachojulikana, kuchanganywa na dawa ya pili ili vimelea visizoee. Ndiyo maana Mei 2020 Tanzania ilipotuma ndege Madagaska kuchukua kinywaji chenye artemisia kwa ajili ya korona, mimi nilikuwa kati ya wale waliotikisa kichwa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya artemisia kwa malaria, na sababu si dharau kwa mti. Chai ina artemisinini kidogo na kila kikombe kina kiasi chake. Homa inatulia, vimelea vinabaki vikijifunza. Vimelea vyenye usugu wa kiasi tayari vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Na kwa kuwa tupo hapo: ALu imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au karanga, vinginevyo nusu yake ya pili, lumefantrini, hainyonywi vizuri tumboni.

Kila mwezi napata ujumbe: dada, uko Guangzhou, nitumie dawa ya presha, dawa ya sukari, dawa ya uzazi. Soko la Qingping, wilaya ya Liwan, liko dakika chache kwa treni ya chini ya ardhi. Magunia ya mizizi, mijusi iliyokaushwa imetandazwa kwenye vijiti, uyoga mkubwa kuliko sahani. Ningeweza kutuma gunia. Situmi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza uzito, kwa sababu mzizi mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana nao. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Gancao, ambayo kwetu ni urukususu, inatiwa karibu kila mchanganyiko na ukiitumia mfululizo inapandisha presha, ile ile unayotaka ishuke. Danggui na dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, hazipatani. Mjamzito asiguse mchanganyiko wowote asioandikiwa. Anayetaka tiba ya Kichina aje akae mbele ya mganga aliyesomea, atakayemshika mishipa, naye amwambie dawa zote za hospitali anazotumia, na hospitali nako aseme hivyohivyo.

Ninachotuma ni kunazi nyekundu, ganda la chenza la miaka mitatu, na maelekezo ya kinywaji kimoja cha choroko ambacho Dar, Machi, kabla mvua hazijashuka, kinafaa kuliko hapa. Mtashtuka, kwa kuwa choroko sisi tunaijua ya nazi na chapati. Osha choroko gramu 200, loweka saa moja, chemsha kwenye maji lita mbili na kipande cha ganda la chenza ukubwa wa vidole viwili, moto mdogo, mpaka zipasuke na maji yawe mazito. Ganda la kule kwenu la chenza la Tanga lisilopigwa dawa, likikauka vizuri, linatosha kuanzia. Kunywa vuguvugu au iliyopoa, ya barafu hapana, Ayi atajua. Sukari iwe kidogo na itiwe mwishoni kabisa. Ukiitia mapema choroko zinakaza na hazilainiki tena.